Waya wa Nusu Shubiri

Trekta ilishuka kwenye lori la Kasumbalesa,
ndogo, rangi ya machungwa, mtumba,
imebandikwa maandishi ya Kijapani
ambayo hakuna mtu wa Katuba aliyeyajua.
Tukaisoma kwa vidole.

Swichi ya kwanza iko kwenye klachi:
usipokanyaga, haiwaki.
Ya pili inalinda shafti ya nyuma.
Ya tatu imejificha chini ya kiti,
kidude cheusi, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni,
na kazi yake ni kuuliza swali moja kutwa nzima:
Upo? Upo? Upo?
Uzito wako ndio jibu.

Jibu la Mama Chansa lilikuwa dogo.
Kilo arobaini na nne,
tena pamoja na buti na udongo mwekundu wa Kafubu.
Kila akipanda mgongo wa kichuguu
kiti kilimrusha kidogo, unene wa kiganja,
na injini ikakata.
Mashine ilidhani ameshuka.
Hakushuka. Alikuwa mwembamba tu.

Akaja kwangu, jembe la diski bado liko shambani.
"Fundi, hii kitu haiamini kama niko."

Nikacheka.
Nikakata waya wa nusu shubiri,
nikamenya ncha kwa meno,
nikaunganisha kilichotenganishwa.
Shaba ya huku huku, pengine:
ilitoka shimoni, ikapanda meli,
ikarudi kwetu imevaa plastiki nyekundu.
Dakika tatu. Hata pesa nilikataa.

Tangu siku hiyo kiti kilijibu chenyewe.
Nipo, kilisema, mama akiwa mtoni.
Nipo, nipo, mama akiwa amelala.

Mvua zikaisha. Mahindi yakakauka.
Akafunga mashine ya kupukuchua nyuma ya trekta,
gunzi likakwama,
akashuka kulitoa
kama ambavyo mimi na wewe tungeshuka,
mawazo yako kwenye magunia.

Shafti haina macho.
Ilikamata pindo la kitenge, ikaanza kukunja,
mzunguko juu ya mzunguko, bila hasira.

Asubuhi hiyo mtoto alikuwa analia,
mama alifunga kiuno kwa haraka, fundo bovu,
fundo la kumchekesha mama mkwe.
Likafunguka.
Kitenge kikaenda peke yake.

Fundo langu mimi lilikuwa zuri.
Nililikaza kwa koleo, nikalivika utepe mweusi.
Lisingefunguka hata leo.

Jumatatu alifika karakana.
Akaweka kile kitambaa mezani kwangu, katikati ya betri mbili,
kimesokotwa kama kamba ya kisima,
kina grisi, kina unga.
Hakuniambia neno.
Ningepona kama angenitukana.

Nilikata waya wangu.
Kisha nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo:
nikatoa springi ya kiti,
nene, iliyopimwa kwa mwanaume mwenye kitambi cha mbali,
nikatafuta nyingine kwenye basi bovu pale Kenya,
laini zaidi. Nikaikata pete moja. Nikajaribu.
Pete nyingine. Mchana ukaisha.

"Kaa, mama."
Injini ikabaki.
"Ruka ruka kidogo, kama uko kwenye kichuguu."
Ikabaki.
"Sasa simama."

Ikazima.
Tukasikia jirani akitwanga sombe.

Akakaa tena, akawasha, akasimama. Ikazima.
Akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika,
na mimi sikumwambia aache.

"Sasa inajua," alisema,
"kama niko, na kama siko."

Waya uko kwenye msumari, juu ya funguo za namba kumi na tatu.
Kabange, kijana wangu, ameuomba mara mbili
atengeneze redio.
Nimemkatalia.
Waya ni waya tu, fundi, ananiambia.
Ndiyo, namjibu.
Nenda kanunue mwingine.